Kura juu ya Kijana Aliyevaa Vazi la Mwingine

Mnamo tarehe 15 na 16 Septemba 1988 wasomaji wa jarida la katuni liitwalo Batman, ambalo huchapishwa nchini Marekani na kampuni ya DC Comics, walipewa muda wa siku moja na nusu kuamua kwa njia ya simu kama kijana mmoja afe au aishi. Zilichapishwa namba mbili za simu. Aliyepiga ya kwanza alimtakia kijana huyo uhai, aliyepiga ya pili alimtakia mauti, na kila simu ilimgharimu mpigaji senti 50 za dola. Zilipohesabiwa, kura 5,271 zilitaka aishi na kura 5,343 zilitaka afe. Kwa tofauti ya kura 72 Robin, msaidizi wa Batman, akauawa katika toleo lililofuata.

Msomaji wa jarida letu ana haki ya kuuliza habari hii inawahusu nini watumishi wa Neno na Sakramenti. Hatukusudii kuwashauri wanafunzi wetu waweke kando vitabu vya ufafanuzi wa Maandiko ili wasome katuni. Wala hatukusudii kujiunga na wale wanaomtafuta Kristo aliyejificha ndani ya kila shujaa arukaye angani. Usomaji wa namna hiyo umeenea katika vitabu vya mahubiri vinavyotoka ng'ambo, nasi twauona kuwa ni wa kivivu, kwa sababu humpunguza Kristo na wala haumwelewi shujaa. Nia yetu ni ndogo zaidi. Twataka kukichunguza kisa hiki kama kazi ya fasihi pamoja na wasomaji wake, maana kwa siku moja na nusu wasomaji hao walikuwa watunzi. Na twataka kuuliza kwa nini watu waliolipenda jarida lile kiasi cha kulilipia simu walimhukumu mmoja wa wahusika wake. Jibu litolewalo mara nyingi ni kwamba walimchukia. Sisi twadhani kwamba kijana yule aliuawa na upendo, na kwamba jambo hilo lastahili kufikiriwa na mtu yeyote aliyekabidhiwa kundi.

Hatuna budi kuanza na vazi. Batman alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Mwaka uliofuata alipewa msaidizi, Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi waliouawa na wahalifu, akaitwa Robin na kuvikwa kizibao chekundu na joho la manjano. Kwa zaidi ya miaka 40 majina hayo mawili, Robin na Dick Grayson, yalikuwa jina moja. Watoto waliomsoma walikua, wakazaa, na watoto wao wakamsoma yeye yule. Lakini hata katika katuni mtoto hawezi kubaki mtoto siku zote. Mwaka 1984 Dick, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alijitwalia jina jipya la Nightwing, na vazi lake la zamani lilikuwa limekwisha kuvaliwa na mwingine. Huyo mwingine aliitwa Jason Todd.

Mtunzi Gerry Conway na mchoraji Don Newton walimleta Jason mwaka 1983, nao, pengine kwa kuogopa kuwaudhi wasomaji, walimuumba kwa mfano wa aliyemtangulia. Naye alikuwa mtoto wa wanasarakasi. Naye wazazi wake waliuawa na mhalifu. Hata nywele zake, ambazo kwa asili hazikuwa nyeusi, zilitiwa rangi nyeusi ili afanane na Dick. Yafaa tulitazame jambo hili la nywele kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna hukumu yote iliyokuja baadaye. Mtu aliyeletwa ili asionekane kuwa mgeni hapewi nafasi ya kupendwa kwa sababu zake mwenyewe. Akifanana na mtangulizi wake ataitwa nakala. Asipofanana naye ataitwa mnyang'anyi.

Baada ya kampuni kuzipanga upya historia za mashujaa wake katika miaka ya 1985 na 1986, Jason alipewa maisha mengine. Mwaka 1987 Max Allan Collins alimwandika upya kuwa mtoto wa mitaani, ambaye Batman alimkuta usiku akiiba matairi ya gari la Batman mwenyewe. Kwetu sisi hilo ni wazo bora kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu ya Jason. Lina ucheshi, na lina neema ndani yake: mwenye mali anamkamata mwizi, kisha anamchukua nyumbani kwake. Wasomaji wengi hawakuliona hivyo. Waliona kwamba mahali pa mtoto mwema, mtiifu na mwenye furaha pamechukuliwa na mtoto mkali, mwenye hasira na asiyesikia. Barua zikaanza kuandikwa.

Hapa yafaa tueleze kidogo juu ya barua hizo, maana asiyezijua hataelewa nguvu ya wasomaji wa katuni za Marekani. Magazeti haya yalikuwa na kurasa za barua, na katika miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz alianza kuzichapisha pamoja na anwani kamili za waandishi. Hivyo wasomaji waliweza kuandikiana wao kwa wao, wakafahamiana, wakaanza kukutana. Likatokea kundi lenye wazee wake, kumbukumbu yake na mabishano yake juu ya mafundisho. Hata neno walilolichagua kuitaja historia halali ya mhusika, ile isiyoweza kupingwa, ni neno letu: kanoni. Desturi hiyo ina asili ya kuchekesha. Mwaka 1911 Ronald Knox, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa padre, alisoma huko Oxford insha iliyozichambua hadithi za Sherlock Holmes kwa mbinu za wachambuzi wa Biblia wa Kijerumani, akitafuta vyanzo na nyongeza za wahariri. Alikuwa akifanya mzaha. Wapenzi wa Holmes waliufurahia mzaha huo, kisha wakauchukua kwa uzito, na baada yao wapenzi wa katuni. Twadhani Knox angestaajabu.

Kundi la namna hii halimpendi mhusika kama mtu apendavyo wimbo wa msimu. Humtunza. Hukumbuka jambo alilolisema miaka 20 iliyopita, na mtunzi mpya akilisahau humwonya. Kuna uaminifu wa kweli katika hilo, nasi hatuudharau. Lakini upendo unaotunza kumbukumbu waweza kuwa mgumu sana kwa aliye hai. Wana wa manabii kule Yeriko walipomwona Elisha amelitwaa vazi la Eliya waliinama mbele yake. Na mara walipokwisha kuinama wakamsihi awaruhusu watu hamsini wenda wakamtafute Eliya, wakatafuta siku tatu (2 Wafalme 2:15-18). Walimkubali mrithi kwa magoti, na kwa miguu wakamfuata aliyeondoka. Elisha alikataa, wakamwomba hata akaona haya. Kila mchungaji aliyepokea usharika kutoka kwa mtangulizi aliyependwa anaijua haya hiyo. Anajua jinsi mzee wa usharika anavyoweza kumwambia kwa upole, baada ya ibada, kwamba yule mwenzake alikuwa akiimba liturgia yote. Hakuna chuki katika maneno hayo. Mzee anampenda yule aliyekwenda, basi.

Tukirudi kwa Jason, twakutana na toleo la 424, la mwaka 1988, lililotungwa na Jim Starlin. Kijana aitwaye Felipe, mtoto wa mwanadiplomasia, amemtendea mwanamke jeuri, na kinga ya kidiplomasia inamlinda. Anampigia mwanamke huyo simu ya kumtisha, mwanamke anajinyonga. Jason anatangulia kwenda nyumbani kwa Felipe. Batman anapofika, anamwona Felipe akianguka kutoka roshani, na Jason amesimama juu. Je, alimsukuma? Jason anajibu kwamba alimshtua tu, naye akateleza. Mchoro hauonyeshi. Mtunzi ameuacha mlango wazi kwa makusudi.

Sisi twaona kwamba fremu hiyo ni mtihani wa msomaji kuliko wa mhusika, na twashangaa kwamba wahakiki wengi wameipita haraka. Wanafunzi wetu wanafahamu jinsi Luther anavyoieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo: hatoshwi na kutusihi tusimsingizie jirani, bali anataka pia tumtetee, tumnene vizuri, na kuyafasiri mambo yake kwa namna iliyo njema. Kwa kawaida twaifundisha amri hiyo kwa ajili ya masengenyo ya mtaani. Lakini ni amri juu ya kusoma. Jirani hutujia mara nyingi kama fremu ile: tunaona aliyeanguka, tunaona aliyesimama juu, na katikati hatukuona kitu. Tunakijaza kile cha katikati kwa moyo tulio nao tayari. Kama Dick Grayson ndiye aliyekuwa amesimama kwenye roshani ile, twaamini wasomaji wale wale wangesema bila kusita kwamba Felipe aliteleza.

Ndipo likaja jambo la simu. Mhariri, Dennis O'Neil, alikuwa akitafuta njia ya kutatua tatizo la mhusika asiyependwa. Alikumbuka kichekesho cha televisheni cha mwaka 1982, ambamo mchekeshaji Eddie Murphy aliwaomba watazamaji waamue kwa simu kama kambakoche aliyekuwa mbele yake achemshwe au asichemshwe. Starlin naye hakumpenda Robin. Amesema waziwazi katika mahojiano kwamba hakuona maana ya mtu mzima kumpeleka mtoto vitani. Pingamizi hilo ni la haki, na twatamani lingeandikwa kama hadithi. Badala yake liligeuzwa kuwa kura. Kurasa za namna mbili zilitayarishwa kabla, za kufa na za kuishi, simu zikafunguliwa. O'Neil alisimulia baadaye kwamba alisikia habari za mtu mmoja aliyeiwekea kompyuta yake kazi ya kupiga namba ya kifo tena na tena kwa saa kadhaa. Ikiwa ni kweli, kura 72 zaweza kuwa zilitoka katika chumba kimoja. Habari hiyo haikuthibitishwa, nasi hatuitegemei katika hoja yetu. Wapigaji zaidi ya elfu tano hawaelezeki kwa mtu mmoja na mashine yake.

Wahubiri watakaosikia kisa hiki watamkumbuka Pilato mara moja, na umati, na Baraba. Twawasihi wasiende huko haraka. Umati wa Yerusalemu ulimchagua mmoja kati ya watu wawili waliosimama mbele yake. Wasomaji wa Batman walimpigia kura mmoja tu, na yule waliyemtaka hakuwamo katika karatasi ya kura. Hakuna namba ambayo ingemrudisha Dick katika utoto wake. Walichoweza kufanya ni kumwondoa aliyesimama mahali pake.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe, ambayo iliitwa A Death in the Family, yaani kifo katika familia, nayo ilichapishwa katika matoleo ya 426 hadi 429, Starlin akiitunga na Jim Aparo akiichora. Jason anagundua kwamba mwanamke aliyemlea hakuwa mama yake mzazi, anaondoka kwenda kumtafuta wa kweli. Majina ya wanawake watatu yanampeleka kwanza Lebanoni, kisha Ethiopia. Huko anamkuta Sheila Haywood, daktari anayefanya kazi katika huduma ya misaada kwa wenye njaa, naye ndiye mama yake. Lakini Sheila ameiba fedha za misaada, na ana siri nyingine ya zamani. Mwuaji Joker anamtisha kwa siri hiyo ili apate dawa zilizo katika ghala. Joker anaziuza dawa, na mahali pake anaweka gesi yake ya sumu, nayo inapakiwa katika malori yaendayo kwenye kambi ya wakimbizi. Batman inampasa kuchagua. Anayafuata malori, anamwacha Jason alinde ghala, akimwagiza asifanye lolote mpaka atakaporudi.

Jason hasikii. Anamwendea mama yake, anamfunulia kwamba yeye ndiye Robin, ili amwokoe. Mama anamkabidhi kwa Joker. Joker anampiga kwa mtaimbo, kurasa zile ni ngumu kusoma, kisha anawafungia mama na mwana ndani ya ghala pamoja na bomu. Jason, aliyepondeka, anajikokota na kumfungua mama yake kamba. Mlango hawaufungui. Hapo ndipo toleo la 427 lilipoishia na wasomaji wakapewa namba za simu.

Wale 5,343 hawakujua kilichokuwa katika kurasa zilizofuata. Katika toleo la 428 Batman anarudi, anakuta kifusi. Sheila yu hai bado kwa dakika chache, na anamweleza yaliyotokea: kijana alijitupa mbele yake bomu lilipolipuka, akaupokea mlipuko kwa mwili wake. Alimkinga mwanamke aliyemsaliti saa ile ile. Kisha Sheila anakufa, na Batman anamwokota mwana.

Yatupasa tukae kidogo hapa. Kijana huyu alihukumiwa kwa sababu ya kutokuwa mtiifu na kutokuwa mwema kama wa kwanza. Hukumu ilipotekelezwa, kurasa zilizotayarishwa ili itekelezwe zilimwonyesha akitenda tendo la upendo ambalo Dick Grayson katika miaka yake 40 ya furaha hakuwahi kuombwa kulitenda. Kutotii kwake ndiko kulikompeleka ghalani, na kutotii huko kulitokana na kiu ya mtoto ya kuwa na mama. Na shahidi pekee wa tendo hilo, ndani ya hadithi, ni yule msaliti. Si Batman aliyemfundisha, yeye alichelewa. Hatusemi kwamba Starlin alikusudia teolojia. Hakumpenda kijana, na huenda aliandika tendo hilo ili kifo kisiwe cha bure. Lakini twaona kwamba kalamu yake ilimtendea Jason haki kuliko moyo wake ulivyotaka, na jambo la namna hiyo hutokea katika fasihi mara nyingi kuliko watunzi wanavyokubali.

Kuna upande mwingine ambao wahakiki wa Marekani hawaugusi, nasi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuupita. Kijana huyu anafia Ethiopia. Njaa kubwa ya miaka ya 1983 hadi 1985 ilikuwa bado mbichi, na picha zake zilikuwa zimeingia katika nyumba za Wamarekani kwa televisheni. Starlin huyo huyo, pamoja na mchoraji Bernie Wrightson, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa vitabu viwili vya katuni vya kuchangia waliokumbwa na njaa ya Afrika, kimoja cha kampuni ya Marvel mwaka 1985 na kingine cha DC mwaka 1986, ambamo Superman na Batman wanakwenda Ethiopia. Watunzi na wachoraji wengi walijitolea kazi yao. Hatuwezi kumwita mtu huyo asiyejali. Ndiyo maana inasikitisha zaidi kuona kwamba, miaka miwili baadaye, Ethiopia imekuwa mandhari. Wakimbizi wa kambi ile ndio sababu ya Batman kumwacha Jason peke yake. Bila wao hadithi haina kiungo. Lakini hatumjui hata mmoja kwa jina, hatumsikii akisema neno la kukumbukwa, na Batman akiisha kumwokota Robin kitabu kinaondoka nao kama msafiri anavyoondoka kituoni. Katika toleo hilo hilo Joker anatokea kuwa balozi wa Irani katika Umoja wa Mataifa, na msomaji anaombwa asahau kambi. Wasomaji elfu kumi walipiga simu kwa ajili ya mtoto mmoja wa kubuni wa Gotham. Hatuwalaumu kwa kumjali. Twauliza tu ni nini katika uchoraji na utungaji kilichofanya wale wengine wasiweze kupendwa hata kidogo, na jibu letu ni kwamba hawakupewa hata lile kosa dogo, hata wizi wa tairi, ambalo kwalo mtu huanza kuwa mtu.

Habari za kifo zilipotangazwa, kilio kilitoka upande usiotazamiwa. Magazeti ya kawaida yaliandika kwamba Robin ameuawa, na watu ambao hawakuwa wamefungua katuni kwa miaka 20 walikasirika, kwa kuwa kwao Robin alikuwa Dick Grayson. Waliomboleza mtu aliyekuwa mzima. Jason, hata katika msiba wake, alililiwa kwa jina la mwingine. Naye Frank Miller, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1986 alikuwa amekwisha kudokeza kwamba Jason angekufa, alililaani vikali jambo la simu na kuliona kuwa ubaya wa kupindukia. Twakubaliana naye, ingawa ni yeye aliyelichimba kaburi kwanza.

Lakini hapa lazima tuseme jambo la kuwasifu watunzi. Kifo cha Jason kilibaki kifo. Vazi lake liliwekwa katika kabati la kioo ndani ya pango la Batman, na kwa miaka mingi lilikuwa humo, fremu baada ya fremu, likitazamwa na kila aliyepita. Tulinganishe na kifo cha Superman, kilichouzwa kuanzia tarehe 18 Novemba 1992 ndani ya mfuko mweusi wa plastiki pamoja na kitambaa cha maombolezo cha kuvaa mkononi. Nakala zaidi ya milioni 6 zilinunuliwa, na wengi walionunua hawakuufungua mfuko, wakitumaini kwamba siku moja ungepanda bei. Kabla ya mwaka 1993 kwisha Superman alikuwa amerudi. Kwa kifo hicho hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyepotewa. Mwalimu wa teolojia ya msalaba hana haja ya mfano mwingine wa kufufuka kusikopitia kaburini.

Aliyelivaa vazi baada ya Jason ni Tim Drake, ambaye kisa chake kilitungwa na Marv Wolfman mwaka 1989. Tim ni mpenzi wa Batman ndani ya hadithi: ni mtoto aliyeikumbuka ruka ya sarakasi ya Dick Grayson, akaitambua tena kwa Robin, na kwa kuchunguza picha na habari akazijua siri zote. Anamwendea Batman, ambaye huzuni imemfanya mkatili, na kumwambia kwamba anahitaji Robin. Kwa maneno mengine, baada ya wasomaji kumwua Robin, watunzi walimwingiza msomaji mwenyewe katika vazi. Safari hii hakutakiwa afanane na mtu. Alikubalika, na twadhani alikubalika kwa sababu aliingia akilitazama lile kabati la kioo. Alijua kwamba vazi lilikuwa na mtu ndani yake.

Mwaka 2005 Jason alirudishwa, na mtunzi aliyemrudisha ni Judd Winick. Maelezo ya jinsi alivyofufuka ni ya ovyo, na hatutayaeleza. Yaliyofuata ndiyo yenye uzito. Jason amerudi akiwa mtu mzima mwenye silaha, amejificha chini ya jina la Red Hood, anawaua wahalifu. Na katika toleo la 650, la mwaka 2006, anasimama mbele ya Batman na kumweleza kinachomuumiza. Hamlaumu kwa kushindwa kumwokoa. Anamuuliza kwa nini, baada ya yote, Joker yu hai bado. Batman anamjibu kwamba akiua mara moja hataweza kurudi. Wasomaji wamegawanyika tangu siku ile juu ya nani kati yao ana haki, na twafurahi kusema kwamba wengi waliokuwa wakimwita Jason mnyang'anyi sasa wanamtetea kwa bidii. Mhusika aliyeshindwa kwa kura 72 amekuwa mmoja wa wapendwa. Walimpenda alipopewa sauti ya kulalamika. Mwenye kuijua Zaburi hatashangaa.

O'Neil alifariki mwaka 2020. Mwaka 2023 kampuni ilichapisha toleo la 428 pamoja na zile kurasa nyingine, zilizotayarishwa mwaka 1988 kwa ajili ya upande ulioshindwa, na mwaka uliofuata J. M. DeMatteis akapewa nafasi ya kuiendeleza hadithi ya Jason aliyepona. Basi sasa msomaji aweza kuziweka kurasa hizo mbili mezani pamoja. Katika zote mbili Batman amepiga magoti katika kifusi kile kile, na kijana yule yule yumo mikononi mwake.